Ulaya ni Baraka ama Ngori? Palace na Forest Wameanza Kuonja Moto

Jumapili tarehe 26 Oktoba 2025 Eberechi Eze alifunga bao moja kali pale Emirates, Arsenal wakashinda Crystal Palace 1-0, na wasee wa Arsenal wakajaza status za WhatsApp venye huwa wanafanya. Hiyo ni haki yao. Lakini cheki hii maneno vizuri. Huyu Eze mnashangilia ndiye yule alifunga dakika ya 16 kule Wembley tarehe 17 Mei, Palace wakachapa Manchester City 1-0 na kubeba Kombe la FA, taji lao kubwa la kwanza tangu klabu ianzishwe. Hilo bao ndilo liliwakatia tiketi ya Ulaya. Na hiyo Ulaya ilipofika Agosti, Eze hakucheza hata dakika moja. Alikuwa ashahepa kwenda Arsenal kwa pauni milioni 60 na marupurupu juu yake.

Siku 3 kabla ya hapo, Alhamisi usiku, Palace walikuwa nyumbani kwao Selhurst Park wakipigwa 1-0 na AEK Larnaca wa Cyprus. Usione haya kama hujawahi wasikia. Alhamisi hiyo hiyo Nottingham Forest walikuwa wanakula raha, wamechapa Porto 2-0 kwenye Europa League, mechi ya kwanza ya kochi mpya Sean Dyche. Ikafika Jumapili, wakaenda Bournemouth, wakapigwa 2-0.

Alhamisi Ulaya, Jumapili kichapo. Hiyo risto tumeisikia miaka mingi, na kila mwaka swali ni lile lile: hii Ulaya inasaidia timu ndogo kweli, ama ni ile zawadi unapewa halafu inakufilisi ukiitunza?

Jibu la haraka la base nyingi ni uchovu. Mechi zimekuwa mob, wachezaji ni wachache, miguu imeisha. Na enyewe kuna ukweli hapo. Siku hizi Europa League na Ligi ya Mabingwa zina mechi 8 kabla hata ufike mtoano, Conference League zina 6. Palace walianza na mbili za mchujo Agosti dhidi ya Fredrikstad wa Norway. Hizo zote ziko juu ya mechi 38 za EPL na vikombe viwili vya nyumbani. Kwa timu yenye benchi ya watu 20, hiyo ni job. Pia kuna kitu mashabiki hawaoni: ukicheza Alhamisi na Jumapili, hakuna siku ya mazoezi. Ijumaa ni kupumzisha mwili, Jumamosi ni kusafiri. Na timu ndogo nyingi zilifika juu hasa kwa sababu kochi wao alikuwa na wiki nzima ya kuwapanga, tena na tena, mpaka kila mtu anajua akae wapi hata akiwa amefunga macho.

Lakini uchovu peke yake haumalizi hii story. Na mtu wa kutuonyesha hivyo ni huyo huyo Dyche aliyeingia Forest Oktoba 2025.

Msimu wa 2017-18 Dyche aliwapeleka Burnley nambari 7 na pointi 54. Burnley jo! Mji mdogo wa kaskazini, klabu ya kuhesabu kila shilingi. Wakapata Europa League. Wakaanza mchujo tarehe 26 Julai 2018 kule Aberdeen, na mechi hiyo ya kwanza kabisa kipa Nick Pope, aliyekuwa ametoka tu Kombe la Dunia na kikosi cha England, akateguka bega. Wakapita Aberdeen baada ya muda wa ziada. Wakapita Istanbul Basaksehir, tena baada ya muda wa ziada. Halafu Olympiacos wakawatoa, na tarehe 30 Agosti Ulaya ya Burnley ikawa imeisha. Mechi 6 pekee. Hawakufika hata makundi.

Sasa ona kilichofuata. Mechi 4 za kwanza za ligi walitoka na pointi 1. Hiyo unaweza kusema ni uchovu. Lakini mpaka Boxing Day, miezi minne baada ya kutolewa, Burnley walikuwa na pointi 12 kwa mechi 19. Hakuna msee huchoka Agosti akaamka Januari. Walijiokoa baadaye, wakamaliza nambari 15 na pointi 40, lakini ule msimu nusu nzima ulishaharibika kwa mechi 6. Maandalizi yalikuwa yamekatwa katikati, kipa hayuko, na wachezaji wapya, Joe Hart, Ben Gibson na Matej Vydra, wote waliingia Agosti wakati treni ishaondoka.

Weka hiyo kando ya Wolves. Msimu wa 2019-20 Wolves walianza Europa League tarehe 25 Julai 2019 dhidi ya Crusaders wa Ireland Kaskazini na wakamaliza tarehe 11 Agosti 2020, walipotolewa na Sevilla kwenye robo fainali. Siku 383, juu corona iliingilia kati. Mechi 59 na kikosi kidogo. Kama uchovu ndio muuaji, hao wangekuwa wameshuka daraja wakiwa kwa ambulensi. Walimaliza nambari 7, pale pale walipokuwa msimu uliotangulia.

Tofauti ni nini? Kabla ya huo msimu, Wolves hawakuuza mtu wa maana. Raul Jimenez alibaki, Diogo Jota akabaki, Ruben Neves, Joao Moutinho, Conor Coady, Adama Traore, wote walikuwa ndani. Ni mwaka uliofuata ndio Jota alienda Liverpool na Matt Doherty akaenda Tottenham. Jimenez naye akapasuka fuvu mwezi wa Novemba dhidi ya Arsenal. Msimu huo Wolves hawakuwa na Ulaya hata kidogo, walikuwa na muda wote wa kupumzika, na wakaanguka mpaka nambari 13.

Kwa hivyo hii ndiyo rada yangu, na unaweza kunipinga kule kwa comments: timu inayofuzu Ulaya na timu inayoenda kucheza Ulaya huwa ni timu mbili tofauti. Ngori inaanzia Juni, wakati dirisha la usajili linafunguliwa na wazito wanakuja na mifuko. Kufikia ile Alhamisi ya kwanza, wewe unakaa umevaa jezi ya mwaka jana lakini watu walioijaza washaenda.

Mfano mbaya kuliko yote ni Girona. Na hawa Wakenya wanawajua, juu Michael Olunga alipitia huko. Januari 2018, Girona wakiwa msimu wao wa kwanza kabisa La Liga, Engineer alitokea benchi akapiga hat-trick dhidi ya Las Palmas, mechi ikaisha 6-0. Mkenya wa kwanza kufanya hivyo La Liga. Kwa hivyo sisi tuna kahisa kadogo hapo.

Msimu wa 2023-24 Girona walifanya maajabu. Nambari 3, pointi 81, wamefunga Barcelona 4-2 nyumbani na 4-2 ugenini. Artem Dovbyk akawa mfungaji bora wa La Liga na mabao 24. Uwanja wao Montilivi unabeba watu kama elfu 14 na kitu, ni kama uwanja wa kaunti tu, na sasa umepata Ligi ya Mabingwa.

Halafu soko likafunguka. Dovbyk akaenda Roma. Savinho, yule winga aliyekuwa anasumbua kila beki, akaenda Manchester City. Aleix Garcia, injini ya kati, akaenda Bayer Leverkusen. Yan Couto akaenda Borussia Dortmund. Eric Garcia mkopo ukaisha akarudi Barcelona. Usajili wa kujaza hayo mashimo ulifanyika, lakini buda, hebu toa mtu wa mabao, mtu wa pasi, winga, na mabeki wawili kwenye timu yako ya mtaa, halafu uniambie Jumapili mtacheza vipi.

Ligi ya Mabingwa Girona walicheza mechi 8, wakashinda 1, dhidi ya Slovan Bratislava. Zingine 7 walipoteza. Kuna moja dhidi ya Feyenoord walifungwa 3-2 na mabao mawili kati ya hayo matatu walijifunga wenyewe. Paris waliwapiga 1-0 na bao la dakika za mwisho ambalo kipa Paulo Gazzaniga alijitia mwenyewe. Hiyo siwezi kulaumu dirisha la usajili, hiyo ni bahati mbaya ya kishetani tu.

Lakini La Liga ndio ilikuwa inatisha. Kutoka pointi 81 mpaka pointi 41. Hesabu hiyo tena: wamepoteza pointi 40 katika mwaka mmoja. Walimaliza nambari 16, na Leganes walioshuka daraja walikuwa na pointi 40. Pointi moja tu. Msimu mmoja uko San Siro, msimu unaofuata ungekuwa Segunda.

Na usidhani hiyo ni Uhispania pekee. Ujerumani kuna Heidenheim. Mji mzima una watu kama 50,000, yaani ungewaweka wote Kasarani na ingekaribia kutosha. Kochi wao Frank Schmidt yuko hapo tangu 2007, amewapandisha kutoka ligi za chini kabisa. Msimu wao wa kwanza Bundesliga, 2023-24, walimaliza nambari 8 na wakaingia Conference League. Wafungaji wao watatu wakuu, Tim Kleindienst, Eren Dinkci na Jan-Niklas Beste, wote watatu waliondoka kabla msimu uanze. Wote! Walianza Conference na ushindi 3 mfululizo, mji ukawa unabamba, Chelsea wakaja kuwatembelea. Nyumbani kwenye ligi walikuwa wanazama. Walimaliza nambari 16 na ikabidi wacheze mchujo wa kushuka daraja dhidi ya Elversberg. Mechi ya kwanza 2-2. Ya pili, dakika ya 95, Leo Scienza akafunga. Heidenheim wakabaki kwa nywele.

Union Berlin wao walikosea kwa njia ingine. Hii klabu ina story tamu sana. Mwaka 2008 uwanja wao ulikuwa umechakaa na pesa hakuna, basi mashabiki zaidi ya 2,000 wakaja wenyewe kufanya mjengo. Mtu anatoka kazi yake, anashika koleo, anamwaga zege. Uwanja huo ndio wanauita nyumbani, na wengi bado wanasimama wakitazama mechi. Walipanda Bundesliga 2019, na 2023 wakamaliza nambari 4. Ligi ya Mabingwa, kundi moja na Real Madrid, Napoli na Braga.

Union hawakuuza sana. Wao walinunua majina. Leonardo Bonucci, bingwa wa Ulaya na Italia, akaja akiwa na miaka 36. Robin Gosens akaja. Kevin Volland akaja. Kwa karatasi wamekuwa wakali. Halafu mechi za nyumbani za Ligi ya Mabingwa zikapelekwa Olympiastadion, uwanja mkubwa wa upande ule mwingine wa Berlin ambao Hertha, wapinzani wao, ndio huchezea. Yaani wale waliojenga uwanja na mikono yao, siku kubwa kuliko zote wakaenda kuishangilia kwa jirani. Niliona watu wakitetea huo uamuzi kwa sababu ya tiketi nyingi zaidi, na sawa, kila mwanachama akapata nafasi. Lakini kuna kitu ilitoka hapo.

Bundesliga walishinda mechi 2 za kwanza, kisha wakapigwa 9 mfululizo. Bernabeu walishikilia Real Madrid mpaka dakika ya 94, Jude Bellingham akawaua. Dhidi ya Braga waliongoza 2-0, wakapoteza 3-2, bao la mwisho tena dakika ya 94. Novemba kochi Urs Fischer, aliyewatoa daraja la pili mpaka huko juu, akaondoka. Januari Bonucci naye akaingia mitini. Siku ya mwisho ya msimu, dhidi ya Freiburg, Volland alikosa penalti dakika za majeruhi, mpira ukarudi, Janik Haberer akafunga. Ndio wakaponea. Nambari 15.

Sasa turudi Nottingham, juu hao wameunganisha kila kosa kwa kikapu kimoja.

Forest hata hawakufuzu Europa League moja kwa moja. Walimaliza nambari 7 na pointi 65, wakapata Conference. Palace ndio walikuwa na Europa kupitia Kombe la FA. Lakini John Textor alikuwa na hisa Palace na pia Lyon, na Lyon pia walikuwa wamefuzu Europa. Sheria za UEFA hazitaki mwenye moja awe na mkono kwa klabu mbili ndani ya shindano moja. Tarehe 11 Julai UEFA ikawashusha Palace mpaka Conference, nafasi ikaenda kwa Forest. Palace wakakimbilia mahakama ya michezo, na tarehe 11 Agosti wakaambiwa rufaa imekataliwa. Mashabiki wa Palace mpaka leo hawataki kuskia jina Forest.

Basi Forest wakapata kile walichotaka. Nuno Espirito Santo, kochi aliyewafikisha hapo, alikuwa ametia saini mkataba mpya Juni wa kumfikisha 2028. Walimzuia Morgan Gibbs-White asiende Tottenham na wakampa mkataba mpya. Anthony Elanga akauzwa Newcastle, na hiyo pesa ikarudi sokoni na zaidi. Wachezaji 13 wapya wakaingia. Ukisoma hiyo haraka unaona wamefanya kila kitu sawa: wameongeza benchi, wamebakisha nyota.

Lakini Agosti Nuno akatoka hadharani kusema uhusiano wake na mdosi Evangelos Marinakis si ule wa zamani. Tarehe 9 Septemba, baada ya mechi 3 tu za ligi, akapigwa kalamu. Akaja Ange Postecoglou, aliyekuwa ameshinda hiyo hiyo Europa League na Tottenham mwezi wa Mei huku Spurs wakimaliza nambari 17 EPL, na Spurs wakamfuta siku 16 baadaye. Forest alikaa siku 39. Mechi 8, ushindi 0. Mojawapo ni kichapo cha 3-2 nyumbani kutoka kwa Midtjylland wa Denmark. Chelsea walipowalima 3-0 tarehe 18 Oktoba, Ange alifutwa dakika chache tu baada ya filimbi. Siku tatu baadaye Dyche akaingia, kochi wa tatu na hata Oktoba haijaisha. Pointi 5 kwa mechi 8 za ligi. Hesabu hiyo haijabadilika baada ya Bournemouth, ni mechi tu zimekuwa 9.

Mimi naona Forest wanatuonyesha kitu ambacho wengine hawakutuonyesha. Ukipanda ghafla, hata mwenye klabu hubadilika. Mwaka jana nambari 12 ingekuwa sherehe. Mwaka huu ukipigwa 3-0 na West Ham unaitwa ofisini. Wachezaji 13 wapya kwa mpigo ni karibu timu mpya nzima, na timu mpya inataka muda, na Ulaya ndiyo inakula huo muda. Nuno alienda West Ham, huko nako moto ulikuwa unawaka, kwa hivyo usimwonee wivu.

Kuna wale wataniambia: lakini pesa? Ulaya si inaleta ganji? Hapa ndipo mtu anafaa atoe kikokotoo. Kuingia Conference League pekee UEFA inakupa euro milioni 3.17. Europa League ni milioni 4.31. Ligi ya Mabingwa ni milioni 18.62. Ukishinda mechi ya Conference unaongezewa laki 4, ukishinda ya Mabingwa ni milioni 2.1. Sasa weka kando: Southampton walimaliza mkia wa EPL msimu wa 2024-25 na pointi 12, aibu tupu, na bado mgao wao wa ligi ulipita pauni milioni 100.

Umeona hiyo? Kwa klabu ndogo ya England, pesa ya Conference ni ya chai. Eze peke yake aliingizia Palace kuliko Conference League itawahi kuwaingizia hata wakibeba kombe lenyewe. Hatari ya kushuka daraja ndiyo iko na bei halisi. Ipswich wanajua. Mwaka 2001 walimaliza nambari 5, George Burley akachaguliwa kochi bora wa mwaka, wakaenda Kombe la UEFA na kuichapa Inter 1-0 nyumbani Portman Road kabla ya kuoshwa 4-1 kule Milan. Msimu huo huo wakashuka daraja. Mapema 2003 klabu ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni, juu walikuwa wametumia pesa wakidhani watakuwa huko juu miaka yote. Iliwachukua mpaka 2024 kurudi EPL. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa Inter alikuwa msee wa miaka 22.

Lakini peleka hiyo euro milioni 3 ama 4 kwingine uone. Bodo/Glimt wanatoka mji mdogo wa Norway huko juu karibu na barafu, uwanja unabeba watu kama 8,000. Mwaka 2016 walishuka daraja. 2020 wakabeba ligi kwa mara ya kwanza, 2021 wakaipiga Roma ya Jose Mourinho 6-1, 2025 wakafika nusu fainali ya Europa League, na baadaye mwaka huo wakaingia Ligi ya Mabingwa. Kwao pesa ya televisheni ya nyumbani ni kidogo sana, kwa hivyo kila Alhamisi ya Ulaya inalipa bili za kweli. Wao pia huuza wachezaji, kila mwaka. Tofauti ni kwamba wanajua wanauza, na mchezo wao haujabadilika mtu akienda, na kochi Kjetil Knutsen yuko hapo tangu 2018. Kwa timu kama hiyo Ulaya ni baraka, hakuna mjadala.

Na hata England kuna waliopita. Southampton ya Victor Wanyama, 2015, waliuza Morgan Schneiderlin kwa Manchester United na Nathaniel Clyne kwa Liverpool, na wakamaliza nambari 6. Hiyo inaharibu kidogo hesabu yangu, nakubali. Lakini kuna mambo mawili. Walitolewa Europa League mwezi wa Agosti na, amini usiamini, Midtjylland, hao hao. Na tarehe za mwisho za usajili walienda Celtic wakaleta beki fulani anaitwa Virgil van Dijk. Ukipata Van Dijk kwa pauni milioni 13 matatizo mengi huisha yenyewe.

West Ham ndio case ngumu kuliko zote kuamua. Msimu wa 2022-23 walikuwa nambari 14 kwenye ligi, David Moyes akiitwa kila jina, watu wakisema Conference inawamaliza. Tarehe 7 Juni 2023 huko Prague, dakika ya 90, Jarrod Bowen akakimbia na mpira akaweka 2-1 dhidi ya Fiorentina. Taji la kwanza kubwa tangu 1980. Muulize shabiki wa West Ham kama angebadilisha ule usiku na nambari 8. Hiyo summer Declan Rice akauzwa Arsenal kwa pauni milioni 100 na 5 juu. Wazee walikuwa wamekufa wakingoja kombe.

Kwa hivyo Palace je? Mimi niliwapa nafasi nzuri kuliko Forest, na sababu ni moja: Oliver Glasner alikuwa bado yuko, na zaidi ya Eze timu ya Wembley ilikuwa imebaki karibu yote. Marc Guehi alikuwa ashafika mlangoni kwenda Liverpool siku ya mwisho ya dirisha, tarehe 1 Septemba, deal ikakufa usiku. Palace walikosa kama pauni milioni 35 hapo na mkataba wake ulikuwa unaisha 2026, kwa hivyo kwa wahasibu ilikuwa hasara. Kwa uwanja, hiyo ndiyo usajili bora walifanya. Shida yao ilikuwa benchi. Walicheza na Larnaca Alhamisi, na bado Arsenal ilikuwa inawangoja Jumapili.

Jumatano iliyofuata walikuwa Anfield na Liverpool, Kombe la Carabao. Jumamosi Brentford. Alhamisi baada ya hapo AZ Alkmaar walikuwa wanakuja Selhurst Park. Forest nao walikuwa na Manchester United Jumamosi, kisha ndege ya kwenda Austria kwa Sturm Graz. Kwa mkeka wangu wa wikendi niliwaacha wote wawili nje, na ile mechi ya AZ nikapanga kuiangalia nikiwa nimekaa tu bila bob ndani.